Dokumentari tano zinazogusa moyo: mtazame ipi usiku wa filamu na familia?

Waulize watu wa nyumba moja watazame nini usiku, utapata majibu mengi kuliko watu. Mdogo anataka wanyama. Kijana anataka kitu chenye kasi. Mama anataka kisa cha watu, na babu yuko radhi na chochote mradi kisimkeshe. Ukishaongeza kwamba iwe dokumentari, tena iwe ya kugusa moyo, kazi inakuwa ngumu maradufu, kwa sababu filamu hizi hazigusi mahali pamoja. Ipo inayokutoa machozi ukitabasamu, na ipo inayokuachia uzito kifuani hadi kesho yake mchana.

Hapa nimeziweka tano ubavu kwa ubavu. Zote nimezitazama zaidi ya mara moja, nikiwa na watu wa rika tofauti, na zote nazipenda. Sitakuambia ipi ni bora kuliko nyingine, maana jibu liko sebuleni kwako, kwa watu watakaoketi hapo.

## Vigezo kwanza

Kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote ni chanzo cha machozi. Tukisema filamu "inagusa moyo" tunakuwa tumefunika mambo mengi kwa kitambaa kimoja. Mtu hulia kwa sababu kiumbe amekufa. Hulia kwa sababu waliopendana wametenganishwa. Hulia pia kwa sababu mtu asiyemjua kabisa ametendewa wema, au kwa sababu mtoto aliyekuwa safarini amefika. Nyumba yenye msiba mbichi haiwezi kuyapokea machozi haya yote kwa namna moja. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, pitisha macho kwa kila mtu na ujiulize: huyu amebeba nini mwaka huu?

Kigezo cha pili ni mtazamaji mdogo kuliko wote, na hapa umri peke yake haukwambii mengi. Mtoto wa miaka sita anaweza kumtazama simba akila swala bila kupepesa jicho, kisha akashindwa kabisa kumvumilia mtoto wa tembo aliyepotelewa na mama. Anachoogopa mtoto ni kile kinachofanana na maisha yake.

Lugha ni kigezo ambacho wengi hukikumbuka filamu ikiwa tayari imeanza. Dokumentari nyingi nzuri hazina sauti ya Kiswahili, na maandishi yanayopita chini ya picha humtupa nje asiyesoma haraka: mtoto mdogo, au mzee ambaye macho yamechoka. Kuna njia mbili za kulitatua hili. Ya kwanza ni kuchagua filamu ambayo picha zenyewe zinasimulia. Ya pili ni kumteua mtu mmoja awe msimulizi wa sebule, anayeeleza kwa Kiswahili kwa sentensi fupi. Awe mmoja tu, na awe ameshaitazama filamu kabla, ili ajue mahali pa kunyamaza. Msimulizi asiyejua kunyamaza huua hata tukio zuri.

Urefu hauna maneno mengi: dakika 40 ni jambo moja, dakika 105 ni jambo jingine, hasa kama kesho kuna shule.

Kigezo cha mwisho ni nusu saa inayofuata. Filamu ya namna hii haiishi majina yanapoanza kupanda. Inaendelea mtu anapouliza swali, mwingine anapokumbuka jambo ambalo hakuwahi kulisema. Ninapochagua filamu, kwa kweli ninachagua hiyo nusu saa.

## Sur le chemin de l'école (2013)

Kisa. Mwongozaji Mfaransa Pascal Plisson anawafuata watoto wanne wakienda shule, basi. Jackson wa Kenya anavuka nyika na mdogo wake Salome, karibu kilomita 15, akipanda vilima kuangalia tembo wako wapi kabla ya kuchagua njia. Zahira anapita katika milima ya Atlas nchini Moroko na rafiki zake wawili, kilomita 22 kwa miguu, akabaki shuleni wiki nzima. Carlito yuko juu ya farasi huko Patagonia, Argentina, dada yake mdogo akiwa nyuma yake. Samuel, nchini India, hawezi kutembea. Wadogo zake wawili wanamsukuma na kumvuta kwenye kiti cha magurudumu kilichoungwaungwa kwa vyuma vya kuokota. Kwa Kiingereza inajulikana kama On the Way to School, na mwaka 2014 ilipata tuzo ya César ya dokumentari bora nchini Ufaransa.

Pale inapogusa. Hakuna anayekufa na hakuna anayepotea. Machozi hapa ni ya kuona juhudi. Mwanzoni kabisa Jackson anafukua mchanga kwa mikono mpaka maji yanatokeza, kisha katika kile kidimbwi kidogo anafua sare yake ya shule. Huko India tairi la Samuel linachomoka njiani, na wale wadogo wanabishana, wanataniana, wanaendelea kuvuta. Upendo wa ndugu umeonyeshwa hapo bila mtu yeyote kulitaja neno upendo.

Lugha na muda. Dakika 77. Kila mtoto anazungumza lugha ya kwao, lakini maneno ni machache. Asiyesoma maandishi hatapotea.

Cha kujua kabla. Tukio la tembo linaweza kumshtua mdogo, ingawa linaisha salama. Mwendo wa filamu ni wa taratibu. Na baadhi ya mazungumzo yanasikika kama yamepangwa kwa ajili ya kamera. Vijana wataliona hilo mara moja, nami huwa nawaacha waliseme, kwa sababu swali la "hii kweli imetokea hivyo?" ni zuri kwa yeyote anayeanza kutazama dokumentari.

Inawafaa familia zenye watoto wadogo, na zile ambazo ndiyo kwanza zinajaribu filamu za namna hii. Mazungumzo baadaye huja yenyewe: mzazi au babu anaanza kueleza alivyokuwa akienda shule, na kwa mara ya kwanza watoto wanamsikiliza bila kuchoka.

## The Elephant Whisperers (2022)

Kisa. Bomman na Bellie, wa jamii ya Wakattunayakan, wanalea watoto wa tembo waliobaki yatima katika hifadhi ya Mudumalai, jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Tembo wao wa kwanza, Raghu, alimpoteza mama yake kwa kupigwa na umeme. Kundi lao lilikuwa limeingia kijijini wakati wa ukame kutafuta chakula na maji. Baadaye analetwa mwingine mdogo zaidi, Ammu. Kumlea Raghu kunawaleta wale wawili karibu hadi wanafunga ndoa. Filamu hii ya Kartiki Gonsalves ilipata tuzo ya Oscar ya dokumentari fupi mwaka 2023.

Pale inapogusa. Bellie amempoteza mume na binti, na analieleza hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, akiwa katikati ya kazi. Kisha Raghu anapokua, wakubwa wa hifadhi wanamhamishia kwa walezi wengine. Hapo ndipo sebule hunyamaza. Tembo hajafa. Amechukuliwa tu, na waliomlea hawana la kufanya.

Ninavyoona, huu ndio uchungu ambao watoto wanauelewa kuliko watu wazima wanavyodhani. Mtoto aliyehama nyumba, aliyebadilishiwa mlezi, au ambaye mzazi mmoja haishi tena nao, ataitambua sura ya Bellie papo hapo. Kwa wengine hiyo ni faraja. Kwa wengine ni kidonda kimeguswa, na wewe ndiye unayemjua wako.

Lugha na muda. Kitamil, yenye maandishi ya chini. Kama dakika 40 tu, na hiyo ni nafuu kubwa: mnaweza kuitazama, mkazungumza, na watoto wakalala kwa wakati. Picha zinabeba mengi, ila maneno ya Bellie yanahitaji msimulizi.

Cha kujua kabla. Kuachana kwenyewe, pamoja na vifo vinavyotajwa bila kuonyeshwa.

Inawafaa wenye muda mchache, wapenda wanyama, na familia zinazolea mtoto asiye wa kumzaa. Kwa hao wa mwisho sijaona filamu inayoeleza jambo lao kwa upole namna hii.

## My Octopus Teacher (2020)

Kisa. Craig Foster, mtengeneza filamu wa Afrika Kusini, amechoka na kazi hadi hataki kuishika kamera. Anaanza kupiga mbizi kila siku katika msitu wa mwani karibu na Cape Town, bila mtungi wa hewa na bila vazi la kuzuia baridi, katika maji ambayo hushuka hadi nyuzi joto 8 au 9. Huko anamwona pweza jike, anarudi kesho yake, na kesho kutwa, kwa karibu mwaka mzima. Waongozaji ni Pippa Ehrlich na James Reed, na filamu ilipata Oscar ya dokumentari ndefu mwaka 2021.

Pale inapogusa. Ile siku pweza ananyoosha mkono mmoja na kumshika Foster kidole, watoto huwa wanapiga kelele ya furaha. Halafu papa mwembamba mwenye mistari anamkamata na kumng'oa mkono. Pweza anajivuta hadi pangoni, amepauka, na kwa siku kadhaa hujui kama atapona. Mkono unaanza kuota tena, mdogo mno mwanzoni, hadi unakuwa mkono kamili. Kuna tukio jingine anapojifunika makombe na mawe mwili mzima, kisha anapanda mgongoni mwa yule yule anayemwinda. Hapo hata kijana aliyekuwa amelala kwenye kochi huinuka.

Lakini pweza jike hutaga mara moja tu maishani. Hulinda mayai bila kula, mwili unaisha taratibu, na yanapoanguliwa yeye anakufa. Filamu haifichi. Anatolewa nje ya pango akiwa hana nguvu, samaki wanaanza kumdonoa, kisha papa anaubeba mwili wake.

Mara ya kwanza nilipoiweka nyumbani niliichagua kwa sababu ya tuzo na kwa sababu kila mtu alikuwa akiisifu. Kati yetu alikuwepo binti wa miaka tisa aliyempoteza mama yake mwaka ule ule. Pweza alipoanza kupauka juu ya mayai, mtoto aliinuka bila kusema neno akaenda kusimama kwenye korido, gizani. Nilimfuata. Hakulia. Aliniuliza: "Sasa hao watoto watajuaje kwamba alikuwepo?" Sikuwa na jibu, na usiku ule sikutafuta la kubuni. Nilichokosea ni kutomwambia mapema filamu inaishia wapi, ili achague mwenyewe kukaa au kutokaa.

Lugha na muda. Dakika 85, Kiingereza, na karibu yote ni Foster akizungumza. Msimulizi wa sebule anahitajika, ingawa chini ya maji kuna dakika nyingi ambazo hata yeye anapaswa kukaa kimya.

Cha kujua kabla. Mashambulizi ya papa, damu kidogo, kifo kinachoonekana. Lipo pia swali ambalo vijana hulishikilia: kwa nini Foster hakumsaidia? Anaeleza kwamba hakutaka kuvuruga mwenendo wa msitu ule. Wengine hukubali, wengine hukasirika kweli kweli, na mabishano hayo yana faida.

Inawafaa watoto wakubwa kidogo, vijana, na mtu mzima aliyechoka na kazi hata haoni tena kwa nini anaamka. Kwa huyo, kisa cha Foster kumrudia mwanawe Tom na kwenda naye majini kinaweza kuwa na uzito kuliko kisa cha pweza.

## Good Night Oppy (2022)

Kisa. Roboti mbili, Spirit na Opportunity, zilitua kwenye sayari ya Mirihi Januari 2004 zikitarajiwa kufanya kazi siku 90. Opportunity, waliyemwita Oppy, aliendelea hadi dhoruba ya vumbi ilipomnyima jua mwaka 2018. NASA, shirika la anga la Marekani, ilifunga safari yake Februari 2019. Mwongozaji Ryan White anasimulia miaka hiyo kupitia wahandisi na wanasayansi waliowalea. "Kuwalea" ndilo neno lao, na ukiwatazama nyuso unawaamini.

Pale inapogusa. Kila asubuhi ya Mirihi walimwamsha Oppy kwa wimbo. Kadiri alivyozeeka, bega la mkono wake wa chuma lilikakamaa, na kumbukumbu zake zikaanza kupotea. Hapa filamu inafanya jambo ambalo sikulitarajia: inakuwa filamu kuhusu wazee. Nimemwona bibi mmoja, aliyekaa kama mgeni tangu mwanzo wa filamu, akisogea mbele kwenye kiti sehemu hiyo ilipofika. Baadaye ndiye aliyezungumza kuliko wote.

Lugha na muda. Kiingereza, dakika 105, ndefu kuliko zote hapa. Picha nyingi za Mirihi zimetengenezwa kwa kompyuta, na inafaa watoto waambiwe hivyo.

Cha kujua kabla. Karibu hakuna la kutisha. Kifo cha mashine kinaliza, ila hakikati. Sehemu ya katikati ina maelezo ya kihandisi ambayo mdogo anaweza kuyachoka.

Inawafaa nyumba yenye mtoto anayefungua redio kuona kilichomo. Miongoni mwa wanaozungumza yumo mhandisi mzaliwa wa Ghana, Ashitey Trebi-Ollennu. Yumo pia Abigail Fraeman, aliyealikwa akiwa mwanafunzi wa sekondari kushuhudia Opportunity akitua, na miaka baadaye akawa mmoja wa wanasayansi wa mradi ule ule. Binti anayependa hesabu amuone huyo.

## A Small Act (2010)

Kisa. Chris Mburu alikuwa mtoto kijijini Kenya, mwerevu, asiye na karo ya shule. Mwanamke nchini Uswidi asiyemjua alimlipia, kiasi kidogo kila muhula. Chris akasoma hadi chuo kikuu, akafika Harvard, akawa mwanasheria wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Baadaye akaanzisha mfuko wa kuwasomesha watoto wa kijijini kwao, akaupa jina la yule mwanamke kabla hajamfahamu: Hilde Back. Alipompata, akakuta ni mwalimu mstaafu wa watoto wadogo, Myahudi aliyekimbia Ujerumani akiwa mdogo, ambaye wazazi wake waliuawa na utawala wa Wanazi. Mwongozaji ni Jennifer Arnold.

Pale inapogusa. Wema hauozi, tunasema, na hapa unauona usemi huo ukitembea kwa miguu. Hilde anapopokelewa kijijini anashangaa kweli. Kwake ilikuwa fedha kidogo tu aliyoituma, na hakujua ilifika wapi. Lakini filamu haikai kwenye shangwe hiyo. Inawafuata wanafunzi watatu wanaosubiri matokeo ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya wakati huo, wakijua kwamba mfuko hauwezi kuwachukua wote. Kusubiri huko kunaniumiza kila mara. Watoto wanasoma kwa mwanga hafifu, wazazi hawasemi wanachokiogopa, na unajua kabisa kwamba akili zao si tatizo.

Lugha na muda. Dakika 88. Sehemu kubwa ni Kiingereza, na maandishi ya chini yanatokea pale watu wanapozungumza lugha zao. Maneno ni mengi. Hii ndiyo inayomhitaji msimulizi kuliko zote tano.

Cha kujua kabla. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zimo, na mauaji ya Wayahudi yanazungumzwa. Aliyeishi katika ghasia hizo, au aliyempoteza mtu, aambiwe kabla. Watoto wa leo pia watahitaji kuelezwa KCPE ilikuwa nini, kwa kuwa ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na kwa nini mtihani mmoja uliweza kuamua maisha ya mtoto.

Inawafaa vijana na watu wazima. Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi ina maneno mengi mno. Kwa kijana anayesoma kwa kulipiwa na mtu mwingine, au kwa mzazi anayemsomesha mtoto wa ndugu kimya kimya, ndiyo filamu ninayoitaja kwanza.

## Zikikaa pamoja

Kwa ukali wa machozi, pweza anaongoza, na si kwa karibu. Tembo wanafuata. Chris na Hilde wanaumiza kwa njia ya kufikirisha, Oppy anasikitisha kwa upole, na wale watoto wanne wa njiani wanakuacha umejaa nguvu. Kwa urahisi wa lugha mpangilio ni tofauti: watoto wa njiani kwanza, kisha tembo na pweza, halafu Oppy, na A Small Act mwishoni.

Upo pia mwelekeo wa kisa. Filamu ya tembo na ile ya Oppy zinazungumzia kumwachia mtu uliyemlea. Ile ya pweza inazungumzia kumpoteza usiyeweza kumsaidia. A Small Act inauliza nani alikubeba hadi hapa ulipo, nawe utambeba nani. Sur le chemin de l'école inakuonyesha jambo dogo ulilolizoea, kwenda shule, mpaka unaliona upya. Ukijua familia yako inahitaji kuzungumza juu ya lipi kati ya haya, umeshachagua zaidi ya nusu.

## Kwa hali yako

Kama wadogo ni wengi na wengine hawajajua kusoma, anzeni na watoto wanne wa njiani. Kama hata dakika 77 ni nyingi, chukueni tembo, mradi hakuna mtoto aliyetenganishwa na mlezi wake karibuni.

Kama sebuleni kuna vizazi vitatu, Oppy na A Small Act zinafaa zote mbili. Oppy humpa mzee nafasi ya kusema juu ya mwili unaochoka bila mtu kumuuliza moja kwa moja. A Small Act humfanya akumbuke nani alimsaidia, na hapo vijana husikia majina ambayo hawakuwahi kuyasikia. Mkiwa na usiku mmoja tu, mwacheni mzee achague.

Kwa kijana anayedharau kila kitu kinachoitwa dokumentari, mpe pweza, na usimwambie kwamba atalia. Mwambie tu kwamba kuna papa.

Kama mna mgeni ambaye hamjui vizuri amepitia nini, kaeni na watoto wa njiani. Haina mtego wowote.

Netflix wanazo ile ya pweza na ile ya tembo, na Good Night Oppy iko Prime Video. Hizo mbili nyingine zitafuteni siku kadhaa kabla, mfungue pia orodha ya lugha za maandishi mjue mna nini mkononi. Na yeyote anayechagua aitazame peke yake kwanza, hata kwa kuruka ruka. Ukishaijua, unaweza kusema sentensi moja kabla ya kuanza: "Mwishoni anakufa," au "Mwishoni wanaachana, lakini wanaonana tena." Wako watakaolalamika kwamba umewaharibia. Mimi bado ninaisema.

Na kama nyumba iko msibani, usiweke pweza, hata kama wote wanamtaka, mpaka aliyefiwa aombe mwenyewe. Yule binti wa korido aliomba, miezi saba baadaye, siku ya kawaida tu ya mvua. Tulikaa wawili. Sehemu ya mayai ilipofika alinishika mkono, na mwishoni, Foster na Tom walipokutana na pweza mdogo mno majini, akasema taratibu, kama mtu anayejijibu, "Anafanana naye."